Pikipiki Kuukuu Kwenye Milima ya Ufipa: Maboresho Nafuu Yanayosaidia Kweli

Kuanzia Novemba hadi Aprili, pikipiki inayoondoka Kizwite, mjini Sumbawanga, asubuhi hukutana na barabara za aina mbili. Ya kwanza ni ya lami: kwenda Laela na Tunduma, au kwenda Matai hadi bandari ya Kasanga. Kwenye barabara hiyo hata pikipiki iliyochoka hufika. Ya pili huanza pale lami inapoishia: njia za mashambani, njia ya Ntendo inayoteremka hadi Muze kwenye bonde la Rukwa, njia ya Ilemba inayoshuka kingo za Lyamba lya Mfipa, njia za Nkasi kwenda Wampembe. Mahindi, maharage, mpunga na samaki vinatoka huko, na mgonjwa wa kuwahishwa mjini naye hutoka huko. Ni kwenye njia hizo ambapo Boxer, TVS, SanLG au Honda XL ya zamani huanza kuteleza, kukosa pumzi na hatimaye kugoma.

Wengi hudhani dawa ni injini kubwa au pikipiki mpya. Kwenye mlima na tope, shilingi inayowekwa kwenye tairi, sproketi, breki na upangaji wa mzigo huzaa matunda haraka kuliko shilingi inayowekwa kwenye nguvu ya injini. Majibu yafuatayo yamepangwa kwa msingi huo. Kwa kuwa bei za spea hupanda na kushuka, tumetaja kipi ni nafuu kuliko kipi, si bei ya dukani.

Pikipiki yangu ina miaka mingi. Nianzie wapi?

Anza kwa kuirudisha katika hali yake ya kawaida. Tairi jipya likifungwa kwenye gurudumu lenye beringi mbovu, hela imepotea. Vivyo hivyo shokapu mpya zikifungwa wakati bushi za chuma kinachobeba gurudumu la nyuma zimelegea.

Ukaguzi wa mwanzo unaweza kuufanya mwenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi zimekwisha. Kisha mwenzako akandamize sehemu ya nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, nawe ugeuze usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unakwama kidogo pale katikati, beringi za usukani zimechimbika, na kwenye tope pikipiki ya namna hiyo haishiki mstari ulionyooka hata dereva awe hodari kiasi gani. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hutoa mlio mwembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito. Angalia pia waya za klachi na breki. Zikiwa nzito, zipakwe oili au zibadilishwe. Ni miongoni mwa spea rahisi kabisa, na mkono usiochoka huendesha vizuri zaidi mlimani.

Kwa upande wa injini, kanyaga kiki polepole swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka bila upinzani wowote, mgandamizo umepungua. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwambie fundi apime kwanza nafasi ya vali injini ikiwa ya baridi. Vali isiyofunga sawasawa kwa sababu imebana huvujisha mgandamizo, na kuirekebisha ni kazi fupi ya spana na kipimo chembamba cha bapa. Watu wamenunua pistoni mpya kwa tatizo ambalo lingekwisha hivyo.

Tairi gani linafaa kwa tope la kwetu?

Ukishamaliza ukaguzi na breki, hela kubwa ya kwanza iende kwenye tairi. Tairi nyingi zinazokuja na pikipiki za biashara zimetengenezwa kwa ajili ya lami. Mistari yake ni myembamba. Ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi hujaa baada ya mizunguko michache, na tangu hapo unaendesha juu ya kitu laini kisicho na meno. Tairi la kashata lina vitalu vilivyoachana, hivyo gurudumu likizunguka hurusha udongo nje na meno hubaki wazi.

Kama uwezo wako ni wa tairi moja tu, na la mbele bado lina kashata za kuonekana, badilisha la nyuma, kwa sababu ndilo linalosukuma. Kama la mbele limekuwa kipara, anza na hilo. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kuokoa hali. La mbele likiteleza uko chini kabla hujafikiri.

Usikimbilie tairi pana. Boxer nyingi hutumia saizi 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na saizi hizo zinatosha. Kwenye udongo mweusi unaonata wa bonde la Rukwa, tairi jembamba hukata tope na kufika kwenye ardhi ngumu, wakati pana huelea juu yake. Tairi kubwa pia huongeza mzingo wa gurudumu, na hivyo kuipunguzia injini uwezo wa kuvuta. Zaidi ya hapo, lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole au zaidi kati ya tairi, madigadi na cheni, la sivyo tope litajaa hapo na kulifunga gurudumu.

Kashata kubwa zina gharama yake. Kwenye lami huisha haraka, na lami ikiwa na maji hazishiki vizuri wakati wa breki. Anayeshinda mjini na kwenda shamba mara mojamoja achague tairi la mchanganyiko, lenye vitalu vifupi vilivyokaribiana. Kabla ya kulipa, tafuta pembeni mwa tairi tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Zikisomeka 2323, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2023. Lililokaa miaka mingi dukani hukakamaa hata kama halijawahi kugusa barabara.

Upepo niweke kiasi gani?

Haya ni maboresho yasiyogharimu chochote, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kwa pikipiki ndogo ya dereva mmoja kwenye lami, kipimo cha kawaida ni kama PSI 25 mbele na 28 nyuma; ukibeba abiria au mzigo, la nyuma hupanda hadi 32 au zaidi kidogo. Soma kibandiko kwenye pikipiki yako, maana hutofautiana.

Kwenye tope refu au mawe yaliyolowa, punguza PSI 5 hadi 8. Tairi hulainika, eneo linalogusa ardhi huongezeka, na gurudumu hushika badala ya kuruka. Usishuke chini ya 18. Chini ya hapo tairi huanza kuzunguka lenyewe juu ya ringi na kung'oa pua ya tyubu, au tyubu ibanwe kati ya jiwe na ringi ikatoboka pande mbili. Ukipunguza upepo, beba pampu ya mkono, kwa sababu ukirudi kwenye lami na mzigo ukiwa na upepo mdogo unaharibu tairi na kuhatarisha maisha.

Mlimani hata gia ya kwanza inanishinda. Nifanyeje bila kubadilisha injini?

Badilisha sproketi. Katika maboresho yote ya nguvu ya kupanda, hili ndilo lenye faida kubwa kwa hela kidogo.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Injini huzungusha ya mbele mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, hesabu inakuwa 42 kwa 13, yaani 3.23. Uwezo wa kuvuta umeongezeka kwa karibu asilimia 8 katika kila gia. Badala yake ungeweza kuacha ya mbele na kuweka ya nyuma yenye meno 45, matokeo yanakaribiana. Kanuni ya haraka ni kwamba kupunguza jino moja mbele ni sawa na kuongeza meno matatu nyuma.

Gharama yake ni mwendo. Pikipiki iliyokuwa ikikimbia kilomita 80 kwa saa, kwa kasi ileile ya injini sasa itakimbia kama 74, na kwenye safari ndefu ya lami itatumia mafuta zaidi. Kwa anayepanda kutoka Muze na gunia nyuma, hiyo si hasara. Kwa anayekwenda Tunduma kila wiki, ni hasara.

Sproketi ndogo ya mbele huikunja cheni zaidi na kuichakaza mapema, kwa hiyo usishuke zaidi ya jino moja. Pia usichanganye cheni ya zamani na sproketi mpya: cheni iliyorefuka itakula meno mapya kwa muda mfupi. Nunua seti nzima. Baada ya kufunga, cheni iwe na nafasi ya kucheza sentimita 2 hadi 3 katikati, ukiipima dereva akiwa amekaa. Iliyokazwa sana hukatika mlimani, tena mara nyingi ukiwa na mzigo.

Kwa nini pikipiki ileile ina nguvu Muze, lakini inachoka hapa Kizwite?

Kwa sababu ya hewa. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Juu huku hewa ni nyepesi. Msukumo wake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini huvuta hewa hiyo kidogo, kwa hiyo huchoma mafuta kidogo, na injini ya nguvu za farasi 10 kule pwani huku hubaki na kama 8. Hakuna spea ya bei nafuu inayorudisha hizo mbili zilizopotea. Ndiyo maana sproketi ni jibu zuri: haiongezi nguvu, inaitumia vizuri ile iliyopo.

Kuna sehemu moja inayoweza kurekebishwa. Kabureta ya kawaida haijui kwamba hewa imepungua. Huendelea kumwaga karibu kiasi kilekile cha mafuta. Mchanganyiko huwa mzito, injini hukohoa, moshi huwa mweusi na mafuta huisha haraka. Fungua plagi baada ya kupanda mlima mrefu na uitazame. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta yamezidi, au kichujio cha hewa kimeziba. Safisha kichujio kwanza, kisha pima tena kabla ya kumruhusu mtu kugusa kabureta.

Plagi ikibaki nyeusi, kabureta nyingi za zamani zina sindano yenye mikato kadhaa na klipu ndogo. Kuihamisha klipu mkato mmoja juu hushusha sindano na kupunguza mafuta. Njia nyingine ni kuweka jeti kuu ndogo kwa hatua moja. Wanaoendesha magari ya theluji kwenye milima mirefu ya magharibi mwa Marekani wanaijua kazi hii. Mashine hizo kwa miaka mingi zilitumia kabureta, na wenye mashine za zamani hadi leo hubadilisha jeti kulingana na urefu wa mlima.

Wao hupanda na kubaki juu siku nzima. Sisi tunapanda na kushuka mita 1,000 katika safari moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Kabureta iliyobanwa sana kwa hewa ya Kizwite ikifika bondeni, ambako hewa ni nzito, mafuta yatakuwa machache mno: injini itachemka, itagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo anayeshuka bondeni mara kwa mara aache kabureta katika kipimo cha kiwanda na avumilie moshi kidogo juu. Anayefanya kazi juu ya uwanda pekee anaweza kupunguza hatua moja, isizidi.

Je, nitoboe ekzosi au niweke pistoni kubwa?

Hapana kwa yote mawili. Ekzosi iliyotobolewa au kuondolewa kizuizi huongeza kelele, na kelele hudanganya sikio kuwa nguvu imeongezeka. Mara nyingi nguvu ya chini, ile inayohitajika kupanda mlima polepole, hupungua. Pistoni kubwa huhitaji silinda kupanuliwa, huongeza joto, na klachi ya zamani pamoja na gia zake hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Kiasi cha hela kinachotumika hapo kingetosha tairi, seti ya cheni na breki kwa pamoja.

Kama injini kweli imechoka, irudishe kwenye saizi yake: ringi mpya, vali zisagwe, sili zibadilishwe, na oili ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, ambalo kwa pikipiki nyingi za Kihindi ni 20W-50. Klachi inayoteleza nayo hujifanya injini dhaifu. Ukiongeza mafuta mlimani, injini ikanguruma lakini mwendo usiongezeke, angalia kwanza kama waya wa klachi umekazwa kupita kiasi, ndipo ubadilishe sahani zake.

Shokapu zangu zimelala. Niongeze springi?

Anza na za mbele, kwa sababu matengenezo yake ni nafuu. Nyingi hazijawahi kubadilishiwa oili tangu dukani. Oili ya zamani huwa nyepesi na chafu, na mbele huzama hadi chini kila shimo. Kumwaga oili ya zamani, kubadilisha sili zinazovuja na kujaza oili mpya kiasi sawa pande zote mbili hufufua shokapu kuliko wengi wanavyotarajia. Anayebeba mizigo anaweza kuchagua oili nzito kidogo.

Nyuma, shokapu nyingi zina ngazi za kukaza springi. Zipandishe unapobeba mzigo na uzishushe ukiwa peke yako, pande zote mbili ngazi sawa. Kuna mtindo wa kuchomelea vyuma au kuongeza springi ngumu ili pikipiki ibebe magunia zaidi. Kitendo hicho huhamishia mshtuko wote kwenye fremu, na fremu ya zamani hupasuka karibu na maungio ya shokapu. Gurudumu lisilocheza pia hurukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na likiwa hewani halishiki kitu.

Nishuke vipi mlima bila breki kuungua?

Mteremko wa kwenda bondeni unaua zaidi ya mpando. Breki za pikipiki nyingi za biashara ni za ngoma mbele na nyuma. Zikibanwa muda mrefu hupata moto, na zikishapata moto hushika kidogo kila unapozidi kukanyaga.

Badilisha breki shuu kabla ya masika hata kama bado zina maisha kidogo. Fundi afute vumbi ndani ya ngoma, apake grisi kidogo kwenye kamu inayozifungua, na ahakikishe mkono wa breki unarudi wenyewe. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichotajwa hapa.

Kisha tumia injini kama breki. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inafaa hapa pia: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Baadhi ya madereva huzima injini na kuachia fri ili kuokoa mafuta. Wanachookoa ni kidogo sana, na wanapoteza breki ya kuaminika kuliko zote waliyo nayo. Breki zikipita kwenye maji, zibane kidogokidogo ukiwa unatembea hadi zikauke.

Kwenye tope na mito, ni nini kinachozuia pikipiki kuzima?

Vitu vitatu: hewa safi, umeme mkavu na madigadi yasiyoziba.

Kichujio cha sponji hufuliwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi hakifuliwi. Hugongwa vumbi litoke, na kikiwa cheusi hubadilishwa. Wakati wa kiangazi, vumbi la Ufipa linahitaji kichujio kiangaliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Hakikisha kasha la kichujio linafunga vizuri, maana ufa mdogo huingiza mchanga moja kwa moja kwenye silinda.

Kofia ya plagi iwe inabana na isiwe na ufa, na viunganishi vya waya vipakwe grisi kidogo. Bomba dogo la kupumulia la kabureta lielekezwe juu, lisining'inie chini kwenye maji. Kwenye tope zito la kunata, inua madigadi ya mbele kidogo ikiwa yana nafasi ya kufanya hivyo, lakini usiyaondoe. Utapofuka kwa tope lako mwenyewe.

Kabla ya kuvuka kijito, vuka kwa miguu kwanza. Maji yakifika juu ya kiini cha gurudumu na yanakwenda kasi, ngoja au rudi. Injini ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Maji hayagandamiziki kama hewa, na injini ikizunguka ikiwa nayo ndani huweza kupinda fimbo ya pistoni. Isukume nje, fungua plagi, piga kiki maji yatoke, kausha kichujio, ndipo uiwashe. Oili ikionekana ya rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Mzigo unahusikaje na uwezo wa pikipiki?

Unahusika kuliko kipuri chochote. Gunia la mahindi la kilo 100 likifungwa nyuma kabisa ya keria huinua gurudumu la mbele, na usukani hubaki bila kazi. Mzigo huohuo ukisogezwa mbele ya ekseli ya nyuma na kushushwa chini kadiri inavyowezekana, pikipiki hurudi kutii. Fundi wa kuchomelea anaweza kuisogeza keria mbele au kutengeneza fremu za pembeni za chini kwa vyuma vichache. Hakikisha hazigusi shokapu wala mguu.

Safari mbili za nusu mzigo mara nyingi ni nafuu kuliko safari moja ya mzigo mzima ukihesabu cheni, spoku na muda wa kukwama. Abiria ni mmoja tu. Mishkaki mlimani haina mjadala.

Nitajuaje spea feki?

Kagua uzito, maandishi na meno. Sproketi nzuri ina meno ya upana sawa na namba ya meno iliyogongwa, si iliyochorwa kwa rangi. Ukiizungusha kwenye kidole haiyumbi. Cheni nzuri ukiishika upande hainepi sana. Breki shuu zina kitambaa kilichogundishwa bila ufa pembeni. Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi ulinganishe, na uombe risiti yenye jina la kitu ulichonunua. Muuzaji anayeogopa risiti amekwishakujibu.

Sheria inasemaje kuhusu mabadiliko haya?

Tairi, sproketi, shokapu na breki za saizi sahihi hazina shida. Injini ni suala jingine: kadi ya usajili ina namba ya injini na ya chesesi, hivyo ukibadilisha injini nzima lazima ubadilishe taarifa hizo TRA, la sivyo pikipiki itaonekana ya wizi. Anayebeba abiria kwa biashara anahitaji leseni ya usafirishaji iliyo chini ya utaratibu wa LATRA, leseni yake ya udereva na bima hai. Kofia ngumu ni kwa dereva na abiria, hata kwenye njia ya shambani ambako hakuna trafiki.

Nina hela kidogo. Nifuate mpangilio gani?

1. Ukaguzi, upepo wa tairi, usafi wa kichujio, nafasi ya vali na kukaza cheni.
2. Breki shuu, waya na plagi.
3. Tairi la kashata, kwanza lile lililochakaa zaidi.
4. Seti ya cheni yenye sproketi ya kupandia mlima.
5. Oili na sili za shokapu za mbele, beringi za usukani na bushi.
6. Keria iliyosogezwa mbele.
7. Injini, ikiwa tu vipimo vinaonyesha imechoka.

Kama fremu ina ufa kwenye shingo ya usukani, au chesesi imepinda hadi magurudumu hayafuatani, usiendelee na orodha hii. Pikipiki hiyo haifai kwa mlima, na kila spea mpya utakayofunga utaifungua siku si nyingi.

Nitajuaje kama mabadiliko yamesaidia?

Chagua mpando mmoja unaoujua vizuri na mzigo mmoja unaoweza kuurudia. Uupande kabla ya kubadilisha chochote, uangalie uliingia gia gani, ulilazimika kushuka gia wapi, na ulianza kuteleza sehemu gani. Kisha badilisha kitu kimoja tu na uupande tena, hali ya njia ikiwa ileile. Ukibadilisha tairi, sproketi na kabureta siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia wala ni kipi kilichokuharibia. Andika matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe na bei uliyolipa. Msimu mmoja wa masika ukiisha, daftari hilo litakushauri vizuri kuliko mtu yeyote kijiweni, na jirani anayetaka kuboresha pikipiki kama yako atakuwa na mahali pa kuanzia.